Maneno mepesi ya Kiingereza yanayotuponza Uingereza

Haya jamani, karibuni. Swali ni lile lile kila nikiweka video: "Kiingereza si mlisoma tangu shule ya msingi, kinawasumbua nini huko?" Na najua wengine mshaanza, huyu anajidai, huyu analalamika, si arudi. Sawa. Leo najibu. Sizungumzii maneno magumu, hayo mtu anayatafuta kwenye simu. Yanayotuponza ni yale tunayodhani tunayajua.

Tuanze na "yes" na "no". Kwetu ukiulizwa "Hujalipa?" na kweli hujalipa, unajibu "Ndiyo", unakubaliana na aliyeuliza. Sasa mhudumu wa huku akuulize kwa simu, "You haven't paid yet?" ukajibu "Yes". Hapo anaweza kuandika kwamba umelipa! Kama hujalipa, jibu ni "No". Usiishie kwenye neno moja, malizia: "No, I haven't paid." Na "Do you mind waiting?" ukisema "Yes" umekataa kusubiri. Unaonekana mkorofi bure.

Bili ya umeme sasa. Imeandikwa "Your account is £85 in credit." Mtu anasikia "credit", anawaza mkopo, anakimbilia kulipa. La hasha! Umelipa zaidi. Hizo pauni 85 ni zako, unaweza kuomba urudishiwe. Ukidaiwa wataandika "in debit" au "outstanding". Ndiyo, "outstanding" ile ile inayomfurahisha mzazi kwenye ripoti ya shule. Kwenye bili ni deni. Angalia na namba za mita: zikiandikwa "estimated", wamekisia. Soma mita mwenyewe uwatumie. Wakikisia juu unalipia umeme ambao hujatumia, wakikisia chini deni linajikusanya kimya kimya, halafu linakuja lote kwa mpigo.

"Mpaka" nayo ina mtego. Ukitaka kusema mpaka Ijumaa utakuwa umetuma, sema "by Friday". Ukisema "I will send it until Friday", umesema utakuwa unatuma tu kila siku hadi Ijumaa ifike. Na barua ikisema "within 14 days of the date of this letter", siku zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyochapwa juu, si siku uliyofungua bahasha. Hili linanikera kuliko yote. Barua imelala njiani, siku zako zinaliwa.

Kuazima, "borrow" na "lend", naruka, mlishachapwa sana shuleni.

La mwisho ni "leave". Kazini "annual leave" ni likizo. Kwenye barua ya uhamiaji, "leave to remain" haikuambii uondoke, ni ruhusa ya kukaa. Kwa hiyo "your leave expires" maana yake ruhusa inaisha, na ombi jipya liingie kabla ya tarehe hiyo. Ukiwahi, ruhusa ya zamani inaendelea wakati unasubiri jibu. Lakini ukisafiri kuja nyumbani kabla jibu halijatoka, ombi linahesabiwa umelifuta, na ada ni mamia ya pauni, kwa wengine maelfu. Ndiyo maana mwingine haonekani msibani mkasema kawasahau. Ila kila mtu na faili lake. Kabla hujakata tiketi muulize mwanasheria wa uhamiaji, usiniulize mimi kwenye komenti.