Boliti Inayopaswa Kukatika: Mhadhara Kuhusu Kutengeneza Mashine ya Kufyekea ya Trekta

Asanteni. Kaeni, kaeni. Nimeombwa nizungumze juu ya kubuni na kuunda mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, kwa mashamba yenye mawe, visiki, vichuguu na mashimo. Trekta mnalijua, PTO mnaijua, yaani ile shafti ya nyuma ya trekta inayopeleka nguvu za injini kwenye mashine, kwa hiyo hayo tunayaruka.

Watu huniletea michoro. Mizuri kabisa, imepigwa rula, ina vipimo vya kila kona. Nami huwa nauliza swali moja tu: kisu kikigonga kisiki, kitaharibika nini kwanza? Jibu ninalopewa karibu kila mara ni hili: "Hakitaharibika kitu mwalimu, nimetumia chuma kizito." Hapo ndipo presha inaponipanda. Kitu kitaharibika, ndugu yangu. Kazi yako wewe mbunifu ni kuchagua kitakuwa kipi. Usipochagua wewe, kisiki kitakuchagulia, na hakitachagua cha bei rahisi.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Chukua mashine inayokata upana wa mita 1.5. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi inaongeza karibu mara mbili, kwa hiyo tuseme visu vinazunguka mara 1,000. Ncha ya kisu iko sentimita 75 kutoka katikati. Piga hesabu: inakwenda mita 78 kwa sekunde, yaani kilomita 280 kwa saa. Kasi hiyo si ya maringo. Nyasi haina kitu cha kuishikilia kwa nyuma kama ilivyo kwenye mkasi. Inakatika kwa sababu haikupata muda wa kuinama. Ukipunguza sana kasi, utakuwa unazilaza nyasi tu, kesho yake zimesimama tena.

Lakini kasi hiyo ina deni lake. Visu viwili vya kilo 4 kila kimoja, pamoja na sahani ya kilo 20 inayovibeba, vikizunguka hivyo vinakuwa na nishati ya juli kama 18,000. Ni sawa na kuangusha tani moja kutoka urefu wa mita 1.8. Hiyo imo chini ya bati lako muda wote unaofyeka, hata unapopunga mkono kumsalimia jirani.

Sasa kisu kimegonga kisiki. Nguvu zinakuja kutoka pande mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa chini kuna hiyo nishati ya visu na sahani, inataka kuishia kwenye kisiki. Kwa juu kuna injini na flaiwili yake, lile gurudumu zito linalozunguka nayo, haina habari ya kisiki, inaendelea kusukuma shafti kama kawaida. Pande mbili, hatari mbili, kinga mbili tofauti. Kisu kinachokunjika kwenye egemeo lake ndiyo kinga ya chini. Boliti dhaifu kwenye shafti, pale inapoingia giaboksi, ndiyo kinga ya juu. Ukiwa na moja ukakosa nyingine, umejikinga nusu.

Boliti hiyo naizungumzia miaka yote na wanaonijua wameshachoka. Nitaizungumzia tena.

Injini inayopeleka kilowati 30 kwenye PTO, kwa mizunguko 540, inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni-mita 530 hivi. Weka boliti ya milimita 12, ile yenye namba 4.6 kichwani (namba ya uimara wa chuma chake, ikipanda na uimara unapanda), milimita 60 kutoka katikati ya shafti, sehemu isiyo na nyuzi ndiyo ikae kwenye mkato. Itakatika kwenye nyutoni-mita 1,600 hivi. Yaani inabeba mara tatu ya kazi ya kawaida, na bado inakatika kabla ya meno ya giaboksi. Sasa itoe, weka ya 10.9. Itashika mpaka zaidi ya 4,000. Shafti ya PTO yenyewe, ile ya inchi moja na tatu ya nane, yenye meno sita, inaweza kusokoteka kabla ya kufika huko. Boliti imekuwa imara kuliko trekta!

Kuna bwana mmoja, fundi hodari, mikono yake ya kuchomelea ningeiazima leo hii. Alijitengenezea mashine, na kwa mara ya kwanza alifuata nilichomwambia, akaweka boliti dhaifu. Ikakatika. Akaweka nyingine, ikakatika. Akapandwa na hasira, akaenda kutafuta boliti ngumu kuliko zote zilizokuwapo, ya 12.9, nyeusi, inang'aa. Alinipigia simu kunijulisha kwamba tatizo limekwisha. Nikamwambia halijakwisha, limehama. Hakunisikia. Baada ya muda akanipigia tena: "Njoo uone." Nikaenda. Giaboksi imepasuka ubavuni, mafuta yamemwagika, msalaba wa kiungo cha shafti umevunjika mkono mmoja, na pini ya mkono wa chini wa trekta imepinda. Yeye amesimama pembeni, ameinua boliti juu, ananionyesha: "Lakini hii haijaguswa, mwalimu. Hata alama." Kwa fahari kabisa! Sikujua nicheke au nilie. Mtu huyohuyo ukimwambia aondoe fyuzi nyumbani kwake aweke msumari, atakuona mwendawazimu.

Najua mtu hapa anasema moyoni: basi ningekuwa nanunua boliti kila siku. Zikikatika kila siku, boliti zinakusema wewe. Labda unaingiza PTO injini ikiwa juu. Punguza mafuta, ingiza taratibu, kisha ndiyo upandishe. Labda unakata chini mno, kisu kinalima badala ya kufyeka. Labda tundu limetanuka na boliti inapigwa nyundo kila mzunguko. Au unasukuma vichaka vinene kuliko injini yako. Kwa kazi ngumu, hesabu nguvu farasi 5 kwa kila futi ya upana, mashine ya futi tano ikitaka 25 kwenda juu. Rekebisha hayo, kisha tuzungumze bei ya boliti.

Mwingine anasema: kuna klachi ya kuteleza, ya nini boliti? Naam, ni nzuri, inateleza na kushika tena bila kukusimamisha. Lakini ikikaa msimu mzima bila kazi, sahani zake hushikana kwa kutu, na klachi iliyoshikana ni shafti tu iliyovaa kofia. Kabla ya msimu, legeza springi, izungushe iteleze, kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Boliti haina kutu ya kukudanganya. Inakatika tu.

Tuje kwenye visu. Kisu kifungwe kwa pini kiweze kukunjika nyuma. Usikichomelee kwenye sahani. "Lakini kikicheza kitakata vipi kichaka?" Kitakata. Kisu cha kilo 4, uzito wake ukiwa sentimita 55 kutoka katikati, kwa mizunguko 1,000 kinavutwa nje kwa nguvu ya karibu tani 2.5. Kimenyooka chenyewe, hakihitaji kuchomelewa ili kiwe kigumu. Na tani hizo zote zinaning'inia kwenye pini moja. Kwa hiyo pini hiyo ndiyo mahali pa chuma chako kizito ulichokuwa umekitamani. Nati ya kujifunga, pini nyingine juu yake, na ukaguzi kila unapoanza kazi. Nimeona watu wakitumia boliti moja aina ileile kote, kwenye shafti na kwenye kisu. Moja lazima ivunjike, nyingine marufuku kuvunjika, zinafananaje?

Kuhusu chuma cha kisu. Wengi mnakata springi za lori. Chuma kizuri, sikatai, lakini tayari kimepikwa. Ukikichomelea, pembeni ya mstari wa weldi kinakuwa kikavu kama kioo, na siku kikigonga jiwe hakipindi, kinavunjika, na kipande kinaondoka kwa kilomita 280 kwa saa bila kuaga. Toboa tundu, usichomelee. Na ukitumia grenda, usiache kiwe cha bluu. Wala usikinoe kiwe kama wembe. Acha ukingo wa milimita moja na nusu hivi, kwenye mawe utadumu zaidi.

Vipime visu kwa jozi. Tofauti ya gramu 100 kwenye ncha inatingisha mashine kwa nyutoni zaidi ya 800, mara 17 kila sekunde. Baada ya hapo unanilaumu mimi kwamba beringi ni feki.

Dakika tano? Nilikuwa ndiyo naanza. Haya, haraka.

Chini ya sahani weka bakuli la chuma lililopinduka, lipande juu ya kisiki kabla visu havijakifikia. Bati la juu milimita 5 au 6, na kingo zilizokunjwa. Minyororo mbele na nyuma, imeachana kidogo tu, bila mjadala. Jiwe la gramu 100 likitoka kwa mita 70 kwa sekunde lina juli 245, na halichagui kati ya ng'ombe na mtoto.

Mkono wa juu wa trekta, ule unaoishika mashine kwa juu, usiufunge kwa uthabiti. Weka kiungo kinachocheza au mnyororo, ili mashine ifuate ardhi yenyewe, gurudumu la nyuma likibeba urefu wa kukata. Ukiufunga kabisa, trekta likipanda kichuguu mashine inainuka hewani, likishuka inachimba kaburi. Shafti ya PTO iingiliane angalau theluthi moja hata ikiwa imevutwa kwa urefu wake wote, na yoki zake za ndani, zile uma zinazoshika misalaba, zielekee upande mmoja. Ukiona inatetemeka unapogeuka au kuinua, pembe imezidi. Mabomba ya kuifunika usiyaondoe. Mizunguko 540 ni tisa kwa sekunde, nguo hainyofoki, inavutwa pamoja na aliyeivaa.

Matrekta ya zamani yenye klachi moja kwa magurudumu na PTO: utakapokanyaga klachi, visu vitaendelea kuzunguka na kusukuma trekta mbele, breki zikikushangaza. Tafuta klachi ya upande mmoja, inayoacha PTO izungushe visu lakini visu visizungushe PTO, iwekwe kati ya PTO na shafti. Ni kifaa kidogo na watu wengi hawajawahi kukisikia mpaka trekta lilipowaingiza mtaroni. Na magurudumu ya mbele yabaki yamebeba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta, mashine ikiwa imeinuliwa; pungukiwa hapo, usukani unakuwa pambo.

Mashine ya kufyekea ya aina nyingine, yenye nyundo nyingi badala ya visu, zilizofungwa kwenye roli iliyolala inayozunguka, nilikuwa nimeiandalia sehemu yake, muda umenikatisha. Kwa kifupi: hurusha mawe kwa umbali mdogo, hufuata ardhi vizuri zaidi, lakini hula nguvu nyingi, na kila nyundo inayopotea lazima irudishwe kabla ya kuendelea, kwa sababu roli hiyo haivumilii kukosa usawa hata kidogo. Anayetaka michoro yake anifuate pale nje. Na asije bila kipimo cha PTO ya trekta lake.