Kifyatulio cha Glock: Tunanunua Nini Tunapobadilisha Vipuri?

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Neema, niko na kaka Salum, na leo tunazungumzia jambo ambalo sisi tunaokwenda uwanja wa shabaha hapa Texas tunalisikia kila Jumamosi: kubadilisha kifyatulio cha bastola, au triga kama wengi wanavyoiita, kwa vipuri vya watengenezaji wengine, vile visivyohitaji kupigwa tupa wala kuchongwa, bali unatoa cha kiwandani na kupachika kipya. Kaka Salum, nikiri mapema kwamba nimeshaiweka seti moja kwenye kikapu cha duka la mtandaoni, na bei yake inazidi dola 150.

SALUM: Usilipe kwanza, dada. Bastola yenyewe ni ipi?

NEEMA: Ni Glock 17 ya kizazi cha tatu. Naitumia kwenye mazoezi, na ninapotoka huwa naibeba.

SALUM: Hilo la kuibeba litaamua mengi, tutalirudia. Glock haina nyundo. Ndani ya slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, mna pini ya kufyatulia inayosukumwa na springi. Slaidi ikishakwenda nyuma na kurudi, pini hubaki imevutwa kwa sehemu tu, na kidole chako ndicho kinachomalizia kazi. Unapovuta, mkono wa chuma uliounganishwa na kifyatulio huirudisha pini nyuma, njiani ukikiinua kizuizi kinachoifunga pini hiyo, kisha hukutana na kibati kidogo kilichopindwa kiitwacho konekta, ambacho mteremko wake huushusha mkono ule mpaka pini iachiwe. Uzito wa mvuto wa kiwandani ni takriban pauni 5.5, yaani kilo 2.5.

NEEMA: Na seti hii inaahidi pauni 3.5.

SALUM: Zimepatikanaje? Njia ya kwanza ni konekta yenye mteremko tofauti. Glock yenyewe inayo moja, imechorwa alama ya kutoa (−), na ndiyo inayowekwa kiwandani kwenye Glock 34 ya mashindano. Zamani iliuzwa kwa jina la pauni 3.5, lakini kwa vipimo vya leo inatajwa kuwa karibu pauni 4.5, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye pakiti isikulevye. Njia ya pili ni springi, na hapo ndipo watu wengi huteleza, kwa sababu springi za Glock hufanya kazi kinyume na mtu anavyodhani.

NEEMA: Kinyume kwa namna gani?

SALUM: Katika vizazi vya mwanzo hadi cha nne, springi ya kawaida ya kifyatulio hukisaidia kidole, inavuta upande uleule unaovuta wewe. Ukiweka iliyo ngumu zaidi, mvuto unakuwa mwepesi zaidi. Inayokupinga ni springi ya pini, na hiyo hiyo ndiyo inayokirudisha kifyatulio mbele baada ya risasi kutoka. Sasa mtu anayetaka wepesi wa kupindukia huweka springi ngumu ya kifyatulio pamoja na springi laini ya pini, akashangaa kifyatulio kikibaki nyuma bila kurudi. Kumbe ameongeza nguvu ya kukivuta nyuma na kupunguza ile ya kukirudisha mbele. Zaidi ya hayo, pini yenye springi laini hugonga kwa unyonge kiberiti cha risasi, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Risasi za kampuni ya Federal zenye viberiti laini zitalipuka, halafu siku ukinunua zenye viberiti vigumu kama vya kampuni ya CCI, utasikia mlio mkavu tu.

NEEMA: Uwanjani hilo ni kero. Ukiwa unajitetea ni jambo jingine.

SALUM: Ndiyo maana nikauliza unaibeba au huibebi. Kwenye bastola ya kubeba mimi siigusi springi ya pini, wala kizuizi cha pini.

NEEMA: Lakini seti nzima inabadilisha pia kile kipande tunachowekea kidole. Ni cha alumini, bapa, na kinapendeza mno.

SALUM: Kinapendeza, sikatai, na ubapa huwasaidia baadhi ya watu kuweka kidole mahali palepale kila mara. Ila kile kiulimi kilicho katikati ya kifyatulio cha Glock hakikuwekwa kwa urembo. Kinazuia kifyatulio kurudi nyuma chenyewe kwa uzito wake endapo bastola itadondoka. Unakumbuka mwaka 2017, mwezi wa Agosti, kampuni ya Sig Sauer ilipotangaza maboresho ya hiari ya bastola yake ya P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba iliweza kujifyatua ikianguka kwa pembe fulani? Miongoni mwa yaliyobadilishwa ni kifyatulio chenyewe, kikawekwa chepesi zaidi kwa uzani. Basi kiulimi cha seti yako kikikwama, au kikiwa kimechongwa vibaya kisifunge, umeondoa ulinzi ule kwa pesa zako mwenyewe.

NEEMA: Wapo pia wanaokwenda upande wa pili kabisa, wa uzito.

SALUM: Wapo. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walitumia kifyatulio cha takriban pauni 12. Glock hutengeneza springi maalumu iitwayo New York, inayopinga kidole badala ya kukisaidia. Baada ya tukio la mwaka 2012 karibu na jengo la Empire State, ambapo wapita njia tisa walijeruhiwa kutokana na risasi za polisi, mjadala uliibuka kama mvuto mzito ulichangia kuharibu shabaha. Mimi naona wepesi na ulaini ni mambo mawili: mvuto wa pauni 5 unaoteleza bila kukwaruza, wenye ukuta, yaani ule ukinzani kidole kinapokaribia kufyatua, unaoeleweka kabla ya kuachia, ni bora kuliko wa pauni 3 unaokushtukiza.

NEEMA: Kwa hiyo unanishauri nini?

SALUM: Nunua ile konekta ya Glock yenye alama ya kutoa (−) peke yake, ambayo haifiki dola 30, na zilizobaki zikupatie mamia ya risasi za mazoezi. Usichukue seti ya kizazi cha tano kilichotoka mwaka 2017, kwani springi yake ni ya namna nyingine. Jiepushe pia na zenye skrubu ya kupunguza mwendo wa ziada, yaani ule wa kifyatulio baada ya pini kuachiwa. Ikilegea na kusogea, kifyatulio kinaweza kushindwa kufika mwisho, na bastola isilipuke.

NEEMA: Nikishaipachika?

SALUM: Risasi zote ziwe chumba kingine, na uhakikishe kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu. Vua slaidi, isukume pini mbele kwa nyuma yake. Ncha isitokeze kabisa mpaka utakapokibonyeza kizuizi. Irudishe slaidi, vuta kifyatulio na ukishikilie nyuma, vuta slaidi kisha iachie, halafu legeza kidole polepole mpaka usikie kile kimlio cha kurudi. Rudia mara ishirini. Kisha jaribu kukivuta kwa kukishika pembeni bila kukigusa kiulimi, kisisogee.

NEEMA: Na kikisogea?

SALUM: Unarudisha vipuri vya kiwandani siku hiyo hiyo, nawe unampelekea fundi wa silaha.

NEEMA: Basi naitoa seti kwenye kikapu. Naweka konekta peke yake.