Faili Lako Lina Uzito Gani? Mazungumzo na Wakufunzi wa Vyuo, Moshi

Haya jamani, tukae. Wale wa nyuma sogeeni huku mbele, viti vipo, hakuna sadaka leo. Nashukuru kualikwa tena, ingawa naona kuna sura humu zilishanisikia mwaka jana na mwaka juzi na zinajua kabisa naenda kusema nini. Nyie mnivumilie tu, au mtoke mkanywe chai, maana mimi nitaendelea na wimbo huu huu mpaka siku nitakayopokea faili kutoka kwa mmoja wenu likafunguka kwenye simu yangu bila kunimalizia bando.

Mratibu amenipa mada kubwa, mbinu za teknolojia kwa mkufunzi, na chini yake kaniandikia pointi saba. Saba! Kwa dakika arobaini. Mimi naanza na ya kwanza, tuone tutafika wapi.

Ya kwanza ni uzito wa faili. Naona mtu kashaguna pale. Unasema huyu mzee tumemwita atuambie mambo ya AI, akili mnemba, yeye anatuletea uzito wa faili kama tuko kwenye mizani ya mahindi pale Mbuyuni. Ngoja kwanza.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafundisha umwagiliaji. Nikachukua simu yangu, ilikuwa mpya hiyo, nikaenda kule Chekereni kwenye mashamba ya mpunga, nikapiga picha milango ya maji, mfereji mkuu, mifereji midogo, nikapiga na sehemu ambayo ng'ombe wamekanyaga kingo mpaka zimebomoka, nikapiga na mzee mmoja kasimama kwenye tope mpaka magotini kashika jembe anacheka. Picha kali kweli kweli. Jioni nikabaki ofisini nikazipanga kwenye PowerPoint, picha 21 na maneno kidogo chini ya kila moja, nikajiona profesa. Nikalitupa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, nikaandika "Someni, Jumatatu kuna kwizi." Nikaenda zangu kulala.

Faili lile lilikuwa na MB 87. Mimi wala sikujua, nitajuaje, niko kwenye waifai ya ofisi, linapanda tu taratibu huku nakunywa chai.

Asubuhi kwenye grupu kimya. Na mnawajua wanafunzi wetu, ukituma chochote wanajibu "asante sir", hata ukituma kwa bahati mbaya risiti ya luku wanajibu "asante sir". Safari hii kimya. Jumapili jioni ndio ikaingia meseji ya CR, kiongozi wa darasa, binti mmoja alikuwa ameenda kwao upareni wikiendi ile. Kaandika hivi: "Sir shikamoo. Samahani naomba kuuliza, kwenye zile slaidi kuna maneno au ni picha tu?"

Mimi nikamjibu kwa ukali kidogo, fungua usome. Akanyamaza.

Jumatatu kwizi wamefanya vibaya wote, hata wale wazuri, nikamwita yule CR nimsikie. Akaniambia kanunua bando la kwanza, likaishia njiani. Kapanda mpaka kule juu karibu na kanisa ambako mtandao unashika vizuri, kanunua la pili, nalo likaishia njiani. Mwisho akamlipa kijana wa steshenari amshushie kwenye kompyuta amtilie kwenye memori kadi. Kaja kufungua kwenye simu, maandishi yamehama, picha ya mzee wangu wa Chekereni imekalia maneno yote. Ndio maana akaniuliza kwa adabu kabisa kama humo ndani kuna maneno. Swali lile mpaka leo likinijia nikiwa naoga naona aibu peke yangu bafuni.

Sasa tuko Moshi, hapa hela hatuoneani haya, tupige hesabu. Darasa lilikuwa na watu 45. Mara 87 ni MB 3,915, karibu GB 4, na hiyo ni kama kila mmoja kafanikiwa kushusha mara ya kwanza. Imelipwa na nani? Siyo na mimi. Siku ile ningesimama mlangoni nikasema kila mtu atoe mia tano ndio aingie darasani mngeniburuza kwenye kamati ya nidhamu, na mngekuwa na haki. Lakini nikituma faili la MB 87 hakuna anayeniita hata ofisini. Wengi humu mmekulia kwenye migomba mnaijua mifongo, ile mifereji ya asili ya maji, mnajua mtu wa juu akifungulia maji yote bila mpango wa chini anabaki anatazama mfereji mkavu. Mkufunzi ni mtu wa juu.

Nikarudi nikalichunguza lile faili. Na hili mjaribu leo leo, halihitaji mtu wa IT. Chukua faili lako la PowerPoint, tengeneza nakala, halafu kwenye jina la hiyo nakala futa zile herufi za mwisho za pptx uandike zip. Kompyuta italalamika, iambie endelea. Fungua. Utakuta folda, ndani kuna nyingine inaitwa ppt, ndani yake media, na humo picha zako zote zimelala uchi na uzito wake. Zangu kila moja ilikuwa MB 4 na kitu. Mara 21, ndiyo hiyo 87 yenyewe. Maneno yote niliyoandika, akili yangu yote ya usiku ule, haikufika hata MB moja!

Kwa nini picha inakuwa nzito hivyo? Kamera ya simu ya megapikseli 12 inakupa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani nukta milioni 12. Hii projekta iliyo hapo juu inaonyesha 1,280 kwa 800, milioni moja na kidogo. Maana yake umebeba magunia kumi na mawili, unapika gunia moja, yaliyobaki umeyabebesha mwanafunzi kichwani ayarudishe nyumbani. Na simu yake ni ndogo kuliko ukuta huu.

Dawa ni dakika moja, nimehesabu. Bonyeza picha yoyote kwenye slaidi, juu kabisa itatokea Picture Format, ingia, tafuta kitufe cha Compress Pictures. Kikifunguka kuna kiboksi kimewekewa tiki kinasema hii picha tu, itoe hiyo tiki, hapo ndipo wengi wanakosea wanabana picha moja wanaacha ishirini halafu wananipigia mzee mbona haijapungua. Chini chagua 150, au 96 kama ni ya kusoma kwenye simu. OK. Kisha usitume PowerPoint, tuma PDF, unaenda Save As unachagua PDF na pale chini unachagua Minimum size. PDF haihami maandishi, picha haimkalii mtu juu ya maneno. Lile faili langu lilitoka MB 87 likawa MB 3 na kidogo, na yule mzee bado anacheka vile vile.

Najua mnachotaka kusema. Mama pale ananiangalia anasema mwalimu siku hizi wote wana simu janja na 4G ipo mpaka Rombo. Ni kweli. Simu ipo. Sasa mwombe mwanafunzi wako akuonyeshe nafasi iliyobaki kwenye hiyo simu. Imejaa! Ina harusi ya dada yake, ina video za kwaya, ina mafaili yako ya muhula uliopita na ya wenzako sita ambao nao wana picha 21. Anafuta somo lako apate kushusha somo la mwenzako. Halafu kuna mwingine atasema picha ikibanwa inafifia. Fungua zote mbili kwenye simu, ziweke pembeni kwa pembeni, ukiweza kunionyesha ipi ni ipi nakununulia mtori. Mpaka leo sijanunua. Isipokuwa mtu wa ramani au wa X-ray, wewe una hoja, tuma ile moja inayohitaji kukuzwa peke yake, siyo lundo zima.

Na video ndiyo balaa kabisa. Video ya simu ya 1080p dakika moja tu inakula MB 60 mpaka 130 kutegemea na simu, kwa hiyo ukijirekodi nusu saa ukiandika ubaoni umetengeneza mzigo wa GB. Kama unachotaka ni kueleza tu, rekodi voice note. Dakika kumi za voice note hazifiki MB 3, anasikiliza akiwa kwenye noah anaenda kwao, na akitaka anarudia pale aliposinzia. Nimewahi kufundisha wiki mbili nzima hivi, PDF ndogo na voice note unamwambia sasa angalia ukurasa wa nne, na matokeo hayakuwa mabaya hata kidogo.

Kitu kingine kidogo kwenye kile kitufe cha Compress, kuna tiki nyingine inaitwa Delete cropped areas, iacheni hapo hapo. Nitawaambia kwa nini, na hii siyo hadithi ya mtu, ni mimi. Niliwahi kuweka kwenye slaidi picha ya shiti ya alama za CA, zile za majaribio ya muhula, kuonyesha jinsi zinavyojazwa, nikaikata pembeni pakabaki safu mbili tu bila majina. Nilidhani nimekata. Kumbe PowerPoint ukikata picha haikati, inaifunika tu kama kitambaa juu ya sahani. Kijana mmoja akabonyeza akaivuta, majina yote na alama zote hadharani, na supp zao, mitihani ya kurudia. Binti mmoja aliyekuwa na 11 kati ya 40 hakuonekana darasani siku tatu. Na tusiseme hizi ni alama tu, nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na imeanza kufanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo wale mnaopiga picha shiti nzima mnatupa kwenye grupu mnaandika "matokeo hayo", mjue mnachezea wapi. Mpe kila mtu yake. Ukishindwa, angalau namba za usajili bila majina, ingawa na hilo halinifurahishi, wanajuana namba hao.

Eh? Zimebaki ngapi? Dakika sita? Mratibu, mbona hukunikonyeza mapema.

Haya, haraka haraka. Ukiwa unafundisha na projekta na unataka wakuangalie wewe, bonyeza herufi B kwenye kibodi, skrini inakuwa nyeusi, bonyeza tena inarudi. Inafanya kazi ukiwa umeshaanza kuonyesha slaidi. Hiyo peke yake ingetosha kuwa semina. Kompyuta isipotokea ukutani ni kitufe cha Windows na P, chagua Duplicate, acheni kuchomoa waya na kuchomeka mpaka mdomo wa HDMI unalegea.

Flashi siyo mahali pa kutunzia alama. Flashi ni bodaboda, inabeba kitu kutoka hapa kwenda pale, hailali nacho. Shiti ya CA iwe kwenye kompyuta, iwe na nakala kwenye mtandao, na iwe na nyingine nyumbani. Umeme hapa unakatika bila kupiga hodi, mnajua, sina la kuongeza.

AI. Najua hii ndiyo mlikuja kuisikia na nimeiacha mwisho makusudi, siyo makusudi, muda umeniishia. Nitasema moja tu. Acheni kumfelisha mwanafunzi kwa sababu tovuti fulani imekuambia kazi yake asilimia 80 ni ya mashine. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT yao, walitoa chombo cha kukamata maandishi ya mashine Januari 2023. Kwa majaribio yao wenyewe kilikamata 26 tu kati ya kila kazi 100 za mashine, na katika kila kazi 100 za binadamu kikazisingizia 9. Julai mwaka ule ule wakakiondoa. Sasa wewe na hiyo tovuti yako ya bure yenye matangazo ya kamari pembeni unajiamini nini? Mwite kijana, mkalishe, muulize "hapa ulimaanisha nini". Dakika tatu utajua. Kama hajui alichoandika utamwona usoni kabla hajafungua mdomo.

Neno la siri, Moodle ile ya kuwekea masomo mtandaoni, fomu za kwizi za mtandaoni, hizo tatu nimezikosa, zimo kwenye karatasi ya mratibu, mwaka kesho nikialikwa nitaanza nazo. Msicheke, nitaanza nazo kweli.

Lakini kabla ya chai, nani amekuja na slaidi zake za muhula huu? Kaka wa dirishani, wewe una laptop hapo tangu asubuhi. Bonyeza faili kulia, ingia Properties, tusomee hapo size. Ngapi? Sema kwa sauti wasikie.

MB 112. Na darasa lako lina wangapi? Sitini na mbili.

Jamani chai isubiri kidogo. Lete hiyo laptop hapa, nipe huo waya.