Kidokezo cha Hila na Haki ya Mfumbuaji

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Naanza kwa kuandika ubaoni kidokezo cha fumbo la maneno, lile la kujaza herufi kwenye visanduku vinavyokatana. Kisomeni kimyakimya.

Taarifa za bahari kuchafuka (6)

Sita ni idadi ya herufi za jibu. Nasikia huko nyuma mtu ametaja "tufani". Tufani ina herufi sita na inaingia kwenye visanduku bila taabu, lakini siyo. Aliyejibu hivyo amefanya kile hasa alichotaka mtunzi: ameona mawimbi, akasahau kwamba mbele yake kuna herufi. Chukueni neno "bahari", mlichafue, herufi zake zihame mahali pake. Mnapata HABARI. Na habari ni taarifa. Lile "za" katikati ni kiungo tu, linatuambia kwamba taarifa imetokana na bahari iliyochafuka.

Kidokezo chote ndicho hicho. Kina maana, kina mchezo wa herufi, na hakina neno la ziada. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Kwa hiyo ukikutana na kidokezo kigeni, kata kipande cha kwanza, ukiulize kama ndicho maana. Kikikataa, nenda kwenye kipande cha mwisho. Sura ya sentensi, yaani ile picha ya mvuvi anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa, iache kabisa. Hiyo ndiyo chambo.

Fumbo la maneno lenyewe si la kale. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha la kwanza la aina hii katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi, na vidokezo vyake vilikuwa maana za kawaida tu. Hila ziliingia baadaye, huko Uingereza. Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada, alianza kutungia gazeti la The Observer mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1939 nafasi yake ikachukuliwa na D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes. Torquemada na Ximenes ni majina ya wakuu wa mahakama ya kidini ya Uhispania, ile iliyosifika kwa mateso, na wafumbuaji walielewa ujumbe.

Kwa upande wangu, tuliye na deni kubwa kwake ni A. F. Ritchie, ambaye jina lake la utunzi lilikuwa Afrit. Yeye ndiye aliyeweka wazi kwamba sura ya kidokezo inaweza kukupoteza itakavyo, lakini ukikisoma neno kwa neno, lazima kiwe kimelisema jibu. Mtunzi anaruhusiwa kukuhadaa. Kukudanganya haruhusiwi. Tuna msemo wetu, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligundua. Mtunzi wa haki hana shughuli na mjinga. Anamfumbia huyohuyo mwerevu, na kwa moyo wake wote anataka afumbue.

Na hilo jina, Afrit, limetoka wapi? Andikeni A. F. Ritchie, futeni nukta, someni herufi tano za mwanzo. Limefichwa mlemle. Aina hiyo ya kidokezo tunayo pia:

Darasa makini laficha mwogeleaji (6)

"Laficha" ni ishara kwamba jibu limeshaandikwa, limevuka tu mpaka wa maneno mawili. Dara-SA MAKI-ni. SAMAKI. Tulidhani mwogeleaji ni mtu kwa sababu darasa limetuelekeza kwa watu. Vidokezo vya kuficha ndivyo vyepesi kuliko vyote, na mfumbuaji anayeanza avitafute kwanza.

Sasa twende kwenye kigumu.

Utulivu ukirudi, shusha kichwa (5)

Hapa neno la kuchezewa halikuandikwa, mnalitafuta wenyewe. Utulivu ni amani. "Ukirudi" ni ishara ya kusoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. A-M-A-N-I inakuwa INAMA, na kuinama ni kushusha kichwa. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini isiwe kinyume, tuanze na "inama" tupate "amani"? Kwa sababu ishara imeegemea utulivu. Utulivu ndio unaorudi, kwa hiyo jibu liko upande wa pili. Angalieni alama na viambishi kabla ya kuandika kwa wino.

Na je, ingekuwa haki kusema "utulivu uliovurugwa", tutafute amani kisha tuvuruge herufi zake? Mimi nasema hapana. Amani ikirudi nyuma inatoa neno moja tu. Ikivurugwa, herufi zake tano zinapangika kwa namna 60, na msomaji bado hana hakika kama neno la kuanzia ni hilo. Ukitaka kuvuruga, herufi zenyewe ziwe mezani.

Hiki nakipita haraka: "Bara baada ya bara, sawasawa (8)". BARABARA. Kila mtu anatafuta njia ya magari, kumbe maana iliyotakiwa ni ile ya "kazi imefanywa barabara". Sikio lingetofautisha, maana mkazo hauko mahali pamoja. Karatasi haina mkazo.

Nataka tukae zaidi kwenye hiki:

Mnyama juu ya nyumba (3)

Ni PAA. Paa ni mnyama jamii ya swala, na paa ndiyo sehemu ya juu ya nyumba. Maana mbili zimebanana, hakuna mchezo mwingine. Mtunzi mwenye haraka angeandika "Mnyama anayefunika nyumba", na picha ingependeza zaidi. Lakini hapo amevunja sheria. Paa wa porini anakimbia, paa la nyumba linavuja. Paa la nyumba halisemwi "anayefunika", linasemwa "linalofunika", na ukiandika "linalofunika" umemfukuza mnyama. Ngeli imemkamata mtunzi pande zote mbili. "Juu ya nyumba" inamwokoa kwa kuwa haibebi kiambishi cha ngeli cha jibu.

Hili ndilo nililokuja kulisema leo. Watunzi wa Kiingereza hawana mzigo huu wa ngeli, kwa hiyo kanuni zao hazitufundishi la kufanya. Lazima tuamue wenyewe. Na dada aliyeinua mkono ameuliza swali zuri: ikiwa "anayefunika" ni kosa, mbona nimeweka maneno kama "bahari kuchafuka" na "utulivu ukirudi", ilhali zinazochafuka na kurudi ni herufi?

Jibu langu ni hili. Upande wa mchezo, neno limesimama kama lilivyo, na ishara inafuata ngeli ya neno hilo. Hakuna anayepotoshwa isivyo haki. Upande wa maana mambo ni mengine, kwa sababu maana ni ahadi: niondoe, weka jibu mahali pangu, sentensi isimame. "Anayefunika nyumba" haitimizi ahadi hiyo. "Shusha kichwa" inatimiza, kwani ni amri, na "inama" ni amri. Kipimo hiki kitumieni kwa kila kidokezo cha Kiswahili mtakachokutana nacho, hata changu.

Tukipime kwa kidokezo cha mwisho.

Samaki aliyekatwakatwa kwa chombo cha fundi cherehani (6)

"Aliyekatwakatwa" inafuata ngeli ya samaki, sawa, huo ni upande wa mchezo. Herufi za samaki zinapangika kwa namna 360, na nyingi hazina maana yoyote. Lakini tatu ni maneno tunayoyatumia kila siku: masika, kamasi, makasi. Maana inachagua moja tu. Fundi cherehani hashiki masika wala kamasi, anashika MAKASI. Weka jibu mahali pa maana: samaki aliyekatwakatwa kwa makasi. Sentensi imesimama.

Asiyeiona maana bado ana msaada wa visanduku vinavyokatana. Hapa pia Kiswahili kina tabia yake. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo herufi ya mwisho ukiipata haikupi mengi. Hapa "i" ya mwisho inaondoa masika peke yake, na "a" ya pili haiondoi lolote. Tafuta konsonanti. Jaza kwanza neno la wima linalopita kisanduku cha tatu: likileta "s" ni masika, likileta "m" ni kamasi au samaki mwenyewe, na likileta "k", andika makasi kwa wino.