"Akazikwa": Neno Tunaloliruka

Ndugu zangu, nitaanza na neno lile lile, na wanaonifahamu wameshalisikia kwangu mara nyingi: akazikwa. Katika Imani ya Mitume tunakiri kwamba Kristo akasulubiwa, akafa, akazikwa, na hilo la tatu tunalimeza bila kulitafuna. Paulo hakuliruka. Anapowakumbusha Wakorintho Injili aliyoipokea, sura ya 15, anasema alikufa, alizikwa, alifufuka siku ya tatu. Sisi tunaondoka Ijumaa saa tisa alasiri, tunatua Jumapili alfajiri, haleluya tayari mdomoni.

Fungueni Marko 15, mstari wa 42. Yusufu wa Arimathaya anapiga moyo konde, anaingia kwa Pilato kuuomba mwili. Pilato anastaajabu kwamba amekwisha kufa. Anamwita akida, yaani mkuu wa askari, anamwuliza, akida anathibitisha. Yusufu ananunua sanda ya kitani, anamteremsha, anamfunga. Hapo simameni. Mtu mzima, mjumbe wa baraza, ameikumbatia maiti kwa mikono yake mwenyewe. Kichwa kinalegea begani kwake. Nguo zake zinashika damu. Yohana anaongeza kuwa Nikodemo alikuja na manemane na uudi yapata ratli 100, zaidi ya kilo 30 kwa vipimo vya Kirumi. Habebi mzigo huo mtu anayemngoja mpendwa wake arudi keshokutwa.

Na wale wanawake? Sabato ilipokwisha, anasema Marko, Mariamu Magdalene, Mariamu mama yake Yakobo na Salome walinunua manukato. Walinunua! Walitoa fedha, wakapokea manukato ya kumpaka maiti. Katika Marko peke yake Yesu alikwisha kuwaambia wanafunzi mara tatu kwamba atafufuka, lakini asubuhi ile hakuna aliyekwenda kaburini kutazama ufufuo. Njiani wanaulizana ni nani atakayewavingirishia jiwe. Walikuwa wanakwenda kumalizia mazishi.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, sisi mwisho tunaujua, kwa nini tujifanye hatuujui?" Ndugu yangu, Marko naye aliujua! Aliujua wakati anaandika, na bado akaweka sanda, akida, jiwe na manukato. Hakuona kwamba ufufuo unapungukiwa chochote kwa kukaa kwanza na maiti. Wewe haraka yako ni ya nini?

Haraka hiyo inaumiza watu. Niliwahi kukaa na mzee aliyekuwa amemzika mkewe siku moja kabla. Wageni waliingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwambia afurahi, Kristo amefufuka. Alikuwa anaitikia "amina" huku anatazama sakafu. Walipotoka akaniomba nimsomee. Nikamsomea Luka 23 mpaka mwisho, pale wanawake wanapolitazama kaburi na jinsi mwili ulivyowekwa, wakarudi nyumbani, na siku ya sabato wakapumzika kama ilivyoamriwa. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Hatukufika sura ya 24 siku ile, wala sikuona kwamba nimemnyima Injili. Nilikuwa nimemsomea Injili yenyewe.

Saa imekwenda. Nilitaka tuzungumze juu ya mitume, ambao Luka anasema waliyaona maneno ya wanawake hao kuwa upuzi. Wanaosema kwamba mitume walitunga habari hii waeleze kwa nini walijiandika vibaya namna hiyo. Nilitaka pia tufike kwa Tomaso, na zile alama za misumari ambazo mwili uliofufuka haukuzifuta. Hayo yatangoja.

Leo usiku soma Marko 15:42 hadi 47. Ni mistari 6 tu. Ukifika pale Mariamu wawili wanapotazama mahali alipowekwa, funga kitabu, ulale. Sura ya 16 ifungue kesho, mapema sana, jua likichomoza.