Babu Hana Homa, Lakini Anaumwa

Haya nimeyasema mpaka wengine mnayajua kwa moyo, na nitayasema tena, maana bado naletewa wazee wamechelewa. Kipimajoto kikisoma 37, nyumba nzima inashusha pumzi. Babu hana homa! Basi nimonia haipo. Nani aliwadanganya?

Mzee mmoja aliletwa kwangu kwa sababu ya goti. Alianguka usiku akienda msalani. Nami, kijana mwenye haraka zangu, nikaandika apigwe picha ya goti. Binti yake akasema, "Daktari, baba leo amefunga vifungo vya shati kombo, na ameniita kwa jina la shangazi." Nikamjibu, uzee huo, dada. Muuguzi hakubishana na mimi. Alikaa na saa yake, akatazama kifua kikipanda na kushuka dakika nzima: mara 32. Joto 37.2. Kikohozi hakuna. Picha ya kifua ilipotoka, pafu la kulia lilikuwa jeupe huku chini: nimonia. Goti zima kabisa! Yule binti niliyemnyamazisha alikuwa ameshautaja ugonjwa, mimi nasikia vifungo tu.

Najua mtasema kila mzee husahau. Sawa. Lakini usahaulifu wa uzee huja polepole, kwa miezi na miaka. Aliyesoma gazeti juzi, leo hajui yuko chumba gani, huyo mtafutieni ugonjwa. Vivyo hivyo anayeanguka ghafla, anayesukuma sahani, anayejikojolea wakati hakuwa na tabia hiyo.

Homa haiji kwa sababu kinga nayo huzeeka, na joto la wazee wengi liko chini tangu mwanzo. Aliyezoea 36.2 akifika 37.4, kwake hiyo ni homa. Mpimeni akiwa mzima, muandike. Na kukohoa kunataka nguvu, wengine hawana.

Pumzi zikifika 25 kwa dakika akiwa ametulia, msingoje kupambazuke.

Naona naonyeshwa saa. Kuizuia nimonia, kwa ufupi. Chanjo za mafua na nimonia: wapeni. Meno ya bandia: yavuliwe usiku, yasafishwe. Nilikuwa na mengi hapo, basi.

Nani ana saa yenye mshale wa sekunde? Mhesabu jirani yako pumzi, dakika nzima. Nyumbani usimwambie mzee unahesabu, atabadilisha. Mshike mkono kana kwamba unapima mapigo. Ninyi mmeshajua, kwa hiyo zitakosea. Haidhuru, anzeni.