Luku iliisha saa tano usiku, nikawaelewa wale wanawali

Familia, Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Leo hamlioni lile dirisha langu la Leicester lenye mvua. Niko Tabata kwa mama, na huo mlio nyuma yangu ni bajaji ya jirani, tangu asubuhi haitaki kuwaka. Siikati kwenye video. Mliniomba Dar, Dar ndiyo hii.

Najua niliahidi Kariakoo na bei za vitenge. Itakuja. Kwanza niwasimulie aibu yangu ya juzi.

Saa tano usiku, feni inazunguka, mimi nimelala kifudifudi natoka jasho la ughaibuni, pap, giza. Nachungulia nje, mtaa mzima unawaka. Basi siyo mgawo, ni luku imeisha, ule umeme wa kulipia kabla. Sauti ya mama ikatoka chumbani: "Si ulisema utanunua wewe?"

Nilisema, tena tangu asubuhi. Mtoto katoka Ulaya, hataki mama aguse pochi.

Sikuwa na wasiwasi. Namba ya mita ninayo kwenye simu, nilishazoea kumnunulia mama umeme nikiwa kulekule. Shilingi 50,000, tuma. Ujumbe ukaja na tarakimu zake 20. Nikaziingiza kwenye rimoti ya mita kwa mwanga wa tochi, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Mara ya tatu mama akauliza taratibu, vile anavyouliza akiwa ameshajua jibu: "Hiyo mita ya wapi?"

Ya Mbagala. Nyumba aliyohama mwaka jana.

Ninyi wa hapa mnajua, sisi wa nje tumesahau: tokeni ya luku imefungwa kwa namba ya mita moja tu. Hata uisome kwa lugha za malaika, mita nyingine haiitambui.

Na kuna kitu lazima niungame. Chumba changu cha kwanza Uingereza nacho kilikuwa na mita ya kulipia kabla. Ila kule mita inakukopesha. Ukiishiwa unabonyeza, unapewa paundi chache za dharura, unalipa ukiongeza. Na salio likiisha usiku wa manane, haikati mpaka kukuche. Kwa hiyo nikazoea kuishiwa. Mwaka mzima niliishi kwa mkopo wa dharura, nalipa nakopa, nalipa nakopa. Luku haina habari hizo. Sifuri ni sifuri. Tena ukinunua, kodi ya jengo imo humohumo tangu 2021, ya Kaisari anapewa Kaisari mlangoni kabla hujawasha hata taa.

Turudi gizani. Mama kakaa barazani na kanga yake ananicheka. Kwenye friji kuna samaki niliowanunua Feri kwa mbwembwe zote. Jirani wa ng'ambo ya ukuta akasikia zogo, akauliza kulikoni, nikamweleza. Akasema, "Mimi ninazo uniti mia na ushee, mwanangu, lakini ndiyo hivyo, hazimiminwi."

Mama akaguna. "Wanawali kumi hao."

Mathayo 25. Mnaijua. Sasa niwaambie ukweli: tangu Sunday school siwapendi wale watano wenye busara. Mko harusini, taa za wenzako zinafifia, wewe mafuta ya akiba unayo, unawaambia nendeni kwa wauzao mkajinunulie? Usiku ule? Sisi tumelelewa kuazimana chumvi! Nilikuwa nawaona wachoyo, na nashangaa Bwana anawasifia. Wahubiri nao wakifika hapo wanaruka mbio hadi kwenye "kesheni". Juzi, nimeshika rimoti, ndipo nikajiuliza kama kweli walinyima. Labda yale mafuta nayo yalikuwa hayamiminwi.

Nikamwambia mama wazo langu, nikijiona mchungaji kabisa. Akanyamaza kidogo.

"Wewe kila ukipiga simu, mama niombee. Viza, mama niombee. Zamu za usiku, mama niombee. Nakuombea. Wewe mwenyewe unaomba?"

Jamani.

Nikasingizia kazi. Nahudumia wazee, zamu zinaangukia Jumapili, hilo ni kweli. Lakini mechi za Jumapili huwa nazipatia muda, na hilo nalo ni kweli. Mama hakubishana. Alisema tu, "Mita yako ina namba yako, baba. Ninazoingiza mimi zinawaka kwangu."

Sikubaliani naye moja kwa moja, na nimemwambia. Yakobo kaandika tuombeane. Halafu angalieni kilichotokea: yule jirani, ambaye ni Mwislamu na wanawali wetu hawamhusu, alirusha waya wa ekstensheni juu ya ukuta. Friji ikawaka. Feni hapana, waya haukufika chumbani. Kwa hiyo uniti hazikuazimika lakini umeme uliazimika, na mfano wa mama ukapata tundu. Bado nalitafuna hilo. Labda maombi yake ndiyo ule waya, maana miaka sita kule samaki wangu hawajaoza. Ila usiku ule nilikesha na jasho langu, na tangu juzi nasoma Zaburi moja kabla ya kulala. Moja tu, msinitarajie makubwa.

Asubuhi nilienda kwa wakala pale kona na namba ya Tabata kwenye karatasi, kama mtoto aliyetumwa sukari. Ya Mbagala nikataka kuifuta. Mama akasema ngoja, mtumie kwanza hizo tarakimu mpangaji aliyeingia baada yangu, si umeshalipa? 50,000 yangu hiyo, familia! Nikamtumia, roho inauma.

Akajibu baada ya dakika kama kumi: "Zimeingia. Tulikuwa tumebakiwa na uniti mbili na mtoto anaumwa. Samahani, wewe ni nani?"

Mpaka sasa sijamjibu. Nimeandika nimefuta, nimeandika nimefuta. Mngekuwa ninyi mngemwandikia nini?